Kilimo cha Wima kwa Kikundi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Ukuta Mtupu hadi Mavuno ya Kugawana

Watu wengi wakisikia kilimo cha wima huwaza jengo la ghorofa lisilo na madirisha, taa za zambarau na vijana waliovaa makoti meupe. Kwa kuwa hawana jengo wala makoti, huishia hapo. Ni hasara, maana kiini chake ni chepesi: badala ya kuitandaza mimea chini, unaipanga ielekee juu, ili kipande kidogo cha ardhi kibebe mimea mingi. Gunia lililojazwa udongo na kutobolewa ubavuni ni kilimo cha wima. Ndoo zilizopangwa kwenye rafu kando ya ukuta, vilevile. Na majirani wasio na shamba wana sababu ya kulipenda gunia kuliko jengo: likichanika leo asubuhi, jioni limeshashonwa.

Hata wazo la ghorofa lilianza kwa unyenyekevu. Mwaka 1999, Profesa Dickson Despommier wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwapa wanafunzi wake swali la kukadiria mapaa ya Manhattan yangeweza kulisha watu wangapi. Jibu lilikuwa sehemu ndogo mno ya wakazi, na hapo ndipo wakaanza kuwaza: kama paa halitoshi, tupande kwenye kila sakafu. Tangu hapo mitaji mikubwa imemiminwa huko, na baadhi imezama. Kampuni ya AeroFarms ya Marekani, inayolima mboga ndani ya majengo, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2023, na mwenzake Bowery ikafunga shughuli Novemba 2024. Tutakapofika kwenye taa nitakuonyesha hesabu ya umeme, nawe utaona ugumu ulipo.

Mimi nimekuwa kwenye vikundi viwili vya bustani za namna hii. Kimoja kilikufa, kingine bado kinavuna. Kilichokufa kilianza kwa kununua pampu ya kuzungushia mimea maji. Kinachovuna kilianza kwa kupanga zamu. Mwongozo huu unafuata njia ya hicho cha pili.

Kwanza watu, kisha udongo

Kaya tano hadi kumi zinatosha. Mkiwa wachache zaidi, mmoja akiugua bustani inanyauka; mkizidi, mikutano itakuwa mingi kuliko mboga. Kaeni kikao kimoja, myajibu haya na kuyaandika: eneo ni la nani, na ametoa ruhusa ya muda gani? Nani anamwagilia siku gani? Mavuno yatagawanywaje? Fedha anashika nani, na nani anamkagua?

Swali la mavuno ndilo linalovunja urafiki, kwa hiyo lisubirishwe lisisubirishwe, litakuja. Afadhali lije kabla mboga hazijaota. Sisi tulikubaliana hivi: siku ya kuvuna, mboga zinapimwa kwa mizani na kugawanywa mafungu sawa kwa waliotimiza zamu zao. Fungu moja la ziada linapelekwa kwa jirani mgonjwa au mzee asiyeweza kushika ndoo. Asiyeweza zamu yake atafute wa kubadilishana naye kabla ya siku kufika. Kuomba radhi baadaye hakunyweshi mmea.

Na jambo dogo linalosahaulika: funguo. Katika kikundi cha kwanza geti lilikuwa na ufunguo mmoja, uliokaa kwa mwenyekiti. Ijumaa alisafiri msibani akiwa nao mfukoni. Usiku ule umeme ulikatika, pampu ikazimika, na haikuwaka tena hata umeme uliporudi. Jumamosi saa sita mchana tulisimama nje ya uzio tukiitazama letisi yetu imelala juu ya mabomba kama matambara yaliyoanikwa. Jumapili hatukwenda hata kuangalia. Tengenezeni funguo tatu, zikae nyumba tatu tofauti.

Hatua ya kwanza: lisome jua

Chagua siku isiyo na mawingu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila baada ya saa moja nenda pale mnapotaka kupanda uandike: jua au kivuli. Ukipata shaka, nyoosha kiganja juu ya ardhi. Kivuli cha vidole kikionekana na kingo kali, andika jua. Kikiwa wingu tu lisilo na umbo, andika kivuli.

Mboga nyingi za majani hutaka saa 4 hadi 6 za jua la moja kwa moja. Nyanya, pilipili na mimea mingine ya matunda hutaka 6 hadi 8. Pakipata chini ya saa 3, panda nanaa au tafuta pengine. Usijidanganye kwamba mbolea itafidia mwanga.

Kumbuka pia kwamba jua huhama. Mbali na ikweta, ukuta unaoitazama ikweta ndio unaopata jua jingi mwaka mzima. Karibu na ikweta, jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, kwa hiyo ukuta unaong'aa leo huenda ukawa kivulini miezi sita ijayo. Waulize wanaoishi hapo. Wao wanajua nguo zao hukauka upande gani na mwezi gani.

Minara ya magunia nayo hutiliana kivuli. Kati ya safu na safu acha nafasi isiyopungua kimo cha mnara wenyewe.

Hatua ya pili: uzito na usalama wa vifaa

Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya udongo uliolowa ni kilo moja na nusu au zaidi. Gunia la lita 100 likishanyweshwa lina kilo 150 na ushei, zote zimesimama mahali penye upana usiofika nusu mita. Chini ardhini hilo si tatizo. Juu ya paa au kwenye roshani ni jambo la kumwita mhandisi wa majengo, hata kama jengo linaonekana imara na hata kama jirani ameshafanya hivyo. Akikubali, pangeni vyombo karibu na kuta au nguzo zinazobeba jengo, mtumie mchanganyiko mwepesi wa nyuzi za nazi na mboji badala ya udongo mtupu, na mhakikishe maji yanayochuruzika yana njia ya kutoka. Rafu yoyote inayopita kimo cha mtoto ifungwe ukutani kwa skrubu, maana mtoto ataipanda tu.

Vifaa vya bure vinavutia, ila viulize vilikotoka. Gunia lililobeba nafaka ni zuri. Lililobeba mbolea ya viwandani au dawa za wadudu usilichukue, hata likioshwa mara kumi. Kwa ndoo na madumu, tazama namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako: 2, 4 na 5 ndizo za kuchagua, mradi chombo kilibeba chakula. Mabomba yawe yale yaliyotengenezwa kwa maji ya kunywa. Na ukiokota paleti ya mbao ya kusafirishia mizigo ili utengeneze rafu, tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto. Herufi MB maana yake zilifukiziwa methili bromidi, ambayo ni sumu. Zenye MB ziache.

Hatua ya tatu: mnara wa gunia

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu mnara uliojengwa vizuri huendelea kutoa mboga miezi mingi, na uliojengwa vibaya huvuja upande mmoja tangu siku ya kwanza.

Andaa gunia lenye kipenyo cha karibu sm 45 likijaa, kokoto za ukubwa wa yai, na kopo kubwa lililokatwa juu na chini likabaki kama kipande cha bomba, lenye upana wa sm 15 hivi. Udongo uchanganye kwa vipimo vya ndoo: ndoo 2 za udongo wa juu, 1 ya mboji au samadi iliyoiva, 1 ya mchanga mkubwa. Chukua konzi moja iliyolowa kidogo uibane kiganjani. Ikibaki donge, kisha donge likasambaratika unapoligusa kwa kidole, mchanganyiko umekubali. Ikibaki donge gumu kama tofali, ongeza mchanga. Isiposhikana kabisa, ongeza mboji.

Kuhusu samadi usiwe na haraka. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka zipite siku 120 kati ya kuiweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo. Iliyoiva haina joto ukiingiza mkono, na inanukia kama msitu baada ya mvua.

Sasa simamisha gunia mahali pake pa kudumu, maana likijaa halihamishiki. Likunje mdomo hadi chini, kama mtu anavyokunja suruali avuke mto. Weka kopo katikati. Jaza kokoto ndani ya kopo, jaza udongo pembeni yake, kisha livute kopo juu taratibu huku ukilizungusha kidogo. Kokoto zitabaki zimesimama kama nguzo ndani ya udongo. Kunjua gunia kidogo, jaza tena, vuta tena. Shindilia kwa kiganja, si kwa mguu. Kila mara utazame kutoka juu kama nguzo ya kokoto ingali katikati. Ikiinama, maji yatakimbilia upande huo na upande wa pili utakufa kiu.

Gunia likijaa, limwagilie hadi maji yatoke chini, kisha uliache siku mbili tatu. Udongo utashuka. Ongeza uliopungua, ndipo utoboe. Wengi hutoboa siku ileile, halafu udongo ukishuka miche inavutwa shingo.

Matundu yaanze sm 15 kutoka chini, safu tatu, umbali wa sm 15 kati ya tundu na tundu, na ya safu moja yasikae juu kwa juu na ya safu nyingine. Usikate duara. Kata mkato mdogo wa msalaba, ili kitambaa kiubane mche shingoni. Gunia la kipimo hiki lina mzunguko wa karibu sm 140, kwa hiyo kila safu inabeba miche 9. Safu tatu ni 27, na juu panaingia 6 au 7. Jumla ni kama 33. Eneo lilelile la chini, kwa nafasi ileile, lingebeba miche 7 tu.

Ubavuni panda miche, si mbegu. Mbegu husombwa na maji. Chagua iliyofikisha majani manne au matano, uipande jioni. Ingiza kidole kikielekea chini kidogo, telezesha mizizi, kisha zungushia shingo ya mche kisokoto cha nyasi kavu ili udongo usimwagike.

Nini kikae wapi? Juu hukauka kwanza, chini hubaki na unyevu. Kwa hiyo rosmari na thaimu ziende juu. Mchicha, letisi na giligilani zikae katikati, spinachi na nanaa chini. Karoti zipande juu tu, ambako mzizi una kina. Nyanya ukiitaka sana, mche mmoja juu wenye mti wa kuegemea. Ikiwa miwili itagombana. Mahindi, viazi vikuu na jamii hiyo havina nafasi hapa. Bustani ya wima inakupa mboga na viungo, haikupi chakula cha kushibisha.

Kumwagilia: nusu ya maji mimina kwenye nguzo ya kokoto, nusu juu ya udongo pembeni. Siku ya kwanza hesabu lita hadi maji yaanze kuchungulia chini, kisha acha. Hicho ndicho kipimo chenu, kiandikwe kwa rangi kwenye ndoo ili kila mwenye zamu akifuate. Siku za joto kali gunia kama hili huweza kunywa lita 5 hadi 10. Weka beseni chini. Yanayochuruzika yamebeba virutubisho, yarudishe juu siku hiyohiyo. Ukishuku, chomeka kidole kwenye tundu la katikati. Kikitoka na unyevu, mwache mwenye zamu apumzike. Mimea mingi ya gunia niliyoiona ikifa haikufa kwa kiu. Iliuawa na watu wenye huruma na ndoo.

Kila baada ya wiki tatu ongeza konzi mbili tatu za mboji juu. Majani ya chini yakianza kugeuka manjano wakati ya juu bado ni kijani, mmea unadai naitrojeni.

Hatua ya nne: msipande yote siku moja

Mkipanda magunia sita Jumamosi moja, mtakuwa na mboga za kugawa hadi kwa mbuzi, halafu mwezi mzima hamna kitu. Pandeni magunia mawili kila baada ya wiki mbili. Mchicha huanza kuvunwa baada ya wiki 3 au 4, figili karibu hivyohivyo, letisi na spinachi wiki 6 hadi 8 tangu mbegu. Chuma majani ya nje, acha kiini na majani manne hivi yaendelee kulisha mmea. Kitalu kidogo kiwe na miche wakati wote, ili mmea ukichoka ung'olewe na mwingine uingie jioni ileile.

Hatua ya tano: kupanda bila udongo, kwa wanaotaka

Mkishavuna misimu miwili bila kugombana, jaribuni maji. Anzeni na mbinu isiyo na pampu iliyotengenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Chukua chombo cha lita 4 kisichopitisha mwanga, kifunike, toboa kifuniko, tumbukiza kikombe chenye matundu kilichobeba mche wa letisi. Maji yenye virutubisho yaguse kitako cha kikombe. Mche unapokunywa, maji yanashuka, na mizizi iliyobaki hewani inavuta oksijeni. Hamwongezi maji hadi juu tena. Mkiizamisha ile mizizi ya hewa, mmea unasongwa. Lita 4 zinatosha mche mmoja wa letisi hadi kuvunwa. Vyombo kama hivi vinapangika vizuri kwenye rafu ya ngazi inayotazama jua.

Virutubisho viwe vile vilivyotengenezwa kwa kilimo cha maji. Mbolea ya shambani yenye urea haifai, kwa sababu ni bakteria wa udongoni wanaoibadilisha iweze kutumika, na kwenye maji hayo hawapo wa kutosha. Kalisi naitreti iyeyushwe kwenye maji yake peke yake kabla ya kuichanganya na nyingine. Zikikutana zikiwa nzito hugeuka mashapo meupe kama chokaa chini ya ndoo. Pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, ikae kati ya 5.5 na 6.5. Mwenye kipima umeme wa maji aiweke letisi kati ya milisimensi 1.2 na 1.8 kwa sentimita (mS/cm). Na funikeni kila tundu: mwanga ukiingia mnafuga mwani, mbu akiingia mnafuga malaria.

Pampu na mabomba yanayozungusha maji vina faida ya kweli: maji hayapotei ardhini, hivyo hutumika kidogo sana kuliko shambani. Lakini mizizi iliyo kwenye utando mwembamba wa maji haina akiba. Siku ya joto, saa chache bila pampu zinatosha kuiua. Msinunue pampu moja. Nunueni mbili, au msinunue kabisa.

Kuhusu taa

Tufanye hesabu niliyoahidi. Letisi ya ndani huridhika na mwanga wa maikromoli 200 (kipimo cha wingi wa chembe za mwanga) kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, saa 16 kwa siku. Taa nzuri ya LED hutoa maikromoli 2.5 kwa kila juli ya umeme, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula wati 80. Kwa siku ni kilowati-saa 1.28, na kwa mwezi kama 38. Tuseme mita hiyo imewapa kilo 3 au 4 za letisi: kila kilo imekula kilowati-saa 10 hadi 13, kabla ya feni na kipoza hewa. Na letisi yenyewe ni maji kwa asilimia 95. Kikundi chenye ukuta unaopata jua kikinunua taa kinalipia kitu ilhali kinakipata bure mlangoni. Taa moja ndogo juu ya kitalu inaelezeka, ya shamba zima haielezeki.

Wadudu na daftari

Mnara ukiwa na nafasi ya hewa, wadudu hawasumbui sana. Vidukari na inzi weupe hujificha chini ya jani, basi hapo ndipo pa kukagua kila zamu. Sabuni ya maji isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, nyunyiza jioni chini ya majani, kisha suuza kesho yake. Jani lenye madoa ya ukungu lichumwe, litupwe mbali na mboji.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila zamu: tarehe, jina, lita zilizomwagwa, kilo zilizovunwa, kilichoonekana. Baada ya miezi mitatu mtajua gunia gani linakunywa sana na kutoa kidogo, na mara nyingi mtakuta limesimama mahali pasipofaa.

Mwaka ukiisha, lichunguzeni gunia lenyewe, kwani jua hulimaliza kabla ya udongo. Sukuma kidole gumba kwenye kitambaa upande unaopigwa na jua la mchana. Kikipenya, msingoje mvua kubwa. Chagueni siku ya zamu, mwageni udongo kwenye turubai, mtoe mizizi ya zamani, mchanganye ndoo moja ya mboji mpya kwa kila nne za udongo huo, na kokoto zioshwe zirudi kazini kwenye gunia jipya.